Redio ya gari imegoma kuwaka: maneno ya kijiweni na ukweli wake

Redio ikizimika ukiwa Buzuruga hapa Mwanza, kabla hujafika Igoma abiria wameshakupa majibu yote. La kwanza huwa "hiyo imeungua, tafuta nyingine." Mara nyingi redio ni nzima, ila umeme haufiki.

Ili iwake inataka vitu vitatu: moto (yaani umeme) wa kudumu kutoka kwenye betri, moto unaokuja ukizungusha funguo hadi ACC, hatua ya kabla ya kuwasha injini, na ethi, yaani waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi ya gari. Fundi mwenye mita ya umeme hupima hivyo kwanza. Anayeanza kwa kukuuliza una bajeti gani, mwogope.

"Fyuzi nimeangalia, iko sawa." Umeangalia ipi? Kuna ya kwenye boksi la gari, na redio nyingi za dukani zina nyingine mgongoni, kwa kawaida ya ampea 10 au 15. Halafu jiulize: chaja ya simu nayo imegoma siku hiyohiyo? Kwenye magari mengi tundu la kiberiti, pale unapochomeka chaja, hula moto wa ACC kwenye fyuzi moja na redio. Kwenye daladala hapo ndipo pa kuchungulia kabla ya kugusa dashibodi, maana sarafu ya konda ikitumbukia humo inapiga shoti, fyuzi inakatika, na lawama zote zinaiangukia redio. Toa sarafu kwanza, ndipo ubadilishe fyuzi.

Wengine hufunga fyuzi kwa karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, au wanapachika fyuzi ya 30 palipokuwa na ya 10, "isikatike tena." Kweli haitakatika. Utakaoungua ni waya, nyuma ya dashibodi, usipouona.

"Rangi za waya ni zilezile kila gari." Hapana. Kwenye redio za dukani njano ndio moto wa kudumu, nyekundu ni ACC, nyeusi ni ethi. Toyota nyingi za kiwandani, kwa mpangilio huohuo, zina bluu yenye mstari wa njano, halafu kijivu, halafu kahawia. Njano na nyekundu zikigeuzwa, redio inawaka lakini inasahau stesheni kila ukizima gari. Zote mbili zikifungwa kwenye moto wa kudumu, redio inaweza kuinyonya betri usiku kucha.

Halafu kuna hili la "chumvi ya ziwa inakula waya." Labda limeletwa na madereva wa Dar es Salaam! Ziwa Victoria ni maji baridi. Ethi iliyofungwa kwenye bodi huota kutu kwa unyevu na mvua tu; ifungue, piga msasa hadi chuma king'ae, kaza.

Kuzimika kidogo unapopiga stata si ugonjwa. ACC hukatwa makusudi wakati huo.

Linalogharimu watu zaidi ni redio za Kijapani zenye ramani. Umebadilisha betri, skrini inaleta maandishi ya Kijapani na haipigi muziki, unaambiwa imekufa. Imejifunga. Nyingine zinadai namba ya siri, nyingine zinataka ile kadi ya SD ya ramani iliyokuja na gari, ambayo pengine mtu aliichomoa akaitumia kwingine. Piga picha maandishi na namba zilizo kwenye skrini umpelekee fundi anayefungua redio za aina hiyo, na uitafute ile kadi.