“Bei nafuu” si “bei rahisi”: maelezo ya mtu anayenunua mvinyo kiwandani

Wiki iliyopita shemeji yangu wa Dar alinipigia simu ya video, katoni ikiwa juu ya meza haijafunguliwa. Akauliza kuna nini ndani. Nikamwambia ni mvinyo, nimeletewa na klabu ya kiwanda kidogo cha hapa Lodi, California, na kwamba naupata kwa bei nafuu. Akamgeukia mtu aliyekaa naye: “Anasema huko kuna kilabu wanauza mvinyo rahisi.” Sentensi moja, makosa mawili. La kilabu ni dogo, nitalifikia. La “rahisi” nimelisikia mara nyingi mno, na safari hii nimeamua kuliandikia.

Bei nafuu ni bei inayomwachia mnunuzi faida: unachopata kinazidi unachotoa, ukilinganisha na njia nyingine ya kukipata. Maana ni hiyo tu. Haisemi kama bei ni kubwa au ndogo. Chupa ya dola 19 yaweza kuwa ya bei nafuu, na ya dola 4 isiwe.

Tatizo limeanzia kwenye maneno yenyewe. Yote mawili yametoka Kiarabu, ila hayakutoka mlango mmoja. “Rahisi” asili yake ni rakhis, yaani kisicho ghali, na katika maandishi ya zamani ya Pwani utakuta limeandikwa “rakhisi”. Kwa Waarabu neno hili ni la bei, halihusu ugumu wa mtihani wala urefu wa njia. Jambo jepesi kufanya wao huliita sahl, ambalo nasi tunalo: sahali. Waswahili ndio tulioipanua “rahisi” ikameza na kazi ya “sahali”, hadi leo mtoto wa shule ukimtajia “rahisi” anawaza swali la hesabu kabla hajawaza bei. Naona hapo ndipo wafanyabiashara walipokimbilia “nafuu”. “Bidhaa rahisi” ilianza kunuka udhaifu, “bidhaa za bei nafuu” ikasikika ya heshima, na sasa imeandikwa kila kibanda, hata palipo na shati ambalo ukilifua mara moja linachuja.

Lakini “nafuu” lina ukoo wake. Limetoka kwenye naf’, yaani faida. Ndugu zake ni “manufaa”, “nufaika” na “nufaisha”, na hakuna hata mmoja anayezungumzia udogo wa kitu. Msikilize mtu aliyetoka kumwangalia mgonjwa: “Leo amepata nafuu.” Hasemi amepona, wala hasemi hospitali imemtoza kidogo. Anasema mgonjwa wa leo si yule wa jana. Au bibi anayechagua kati ya mabaya mawili: “Nafuu huyu kuliko yule.” Popote lilipo, neno hili linapima kitu kwa kingine. “Rahisi” linaweza kusimama peke yake. Unatazama tarakimu, basi. “Nafuu” ukilitamka unapaswa kuulizwa: nafuu kuliko nini? Na asiye na jibu hana haki ya kulitumia.

Mimi kwa katoni yangu jibu ninalo, na linaanza na sheria za hapa Marekani. Marufuku ya pombe ilipofutwa mwaka 1933, majimbo mengi yaliweka ngazi tatu: mtengenezaji amuuzie msambazaji, msambazaji amuuzie mwenye duka, mwenye duka amuuzie mnywaji. Kila ngazi inakula chake. Chupa inayokaa dukani kwa dola 24, aliyeitengeneza huenda akaambulia kama nusu ya hizo. Na mdogo mara nyingi hafiki hata huko. Pipa moja la lita 225 linatoa chupa 300. Mtu mwenye mapipa manne ya Carignan, mvinyo wa aina mojawapo ya zabibu nyekundu, ana chupa 1,200 kwa mwaka mzima, na msambazaji mkubwa hana haja naye. Tunasema kizuri chajiuza, lakini kitajiuzaje ikiwa rafu hakioni?

Njia yake ni kumuuzia mnywaji moja kwa moja. Mwaka 2005 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Granholm na Heald, iliamua kwamba jimbo linaloruhusu viwanda vyake kumpelekea mnywaji mvinyo nyumbani haliwezi kuvizuia vya majimbo mengine kufanya vivyo hivyo. Milango ikazidi kufunguka, na klabu za viwanda vidogo zikapata wanachama wa mbali. Unajiandikisha, unaacha namba ya kadi ya benki, na mara mbili, tatu au nne kwa mwaka unapokea chupa kadhaa kwa punguzo. Mzigo lazima upokelewe na mtu aliyetimiza miaka 21, kwa saini.

Ndiyo maana hii ni klabu na si kilabu. Kilabu ni pale tunapokaa kwenye mabenchi kunywa pombe ya kienyeji. Klabu ni uanachama, kama mwenye kadi ya Yanga au Simba. Kwenye klabu yangu sijawahi kukaa na mwanachama mwenzangu hata siku moja.

Turudi kwenye hesabu, kwa kuwa nafuu bila hesabu ni porojo. Chukua chupa ya dola 24 yenye punguzo la asilimia 20: unalipa 19.20. Chupa sita ni dola 115.20. Ukitozwa dola 25 za kusafirishiwa, jumla inakuwa 140.20, na kila chupa imekugharimu dola 23.37. Punguzo karibu lote limeliwa na gari la mizigo! Mimi nikiwa na nafasi huendesha nikachukua mwenyewe, na hapo ile 19.20 inabaki 19.20. Watu wengi hutazama asilimia ya punguzo na kuishia hapo. Huko ni kutafuta rahisi, ingawa mdomoni wanasema nafuu.

Nafuu ninayoisema mimi ina upande wa pili pia. Nikitoa dola 19.20 mkononi mwa mtengenezaji, naye anabaki na nyingi kuliko zile ambazo angepewa na msambazaji, hata akitoa gharama ya kunihudumia. Mimi nimenufaika, yeye amenufaika. Mara ya mwisho nilipokwenda alizamisha mrija wa kioo kwenye pipa lililoandikwa kwa chaki, akanionjesha Carignan ambayo haijawekwa kwenye chupa. Zabibu zake zimetoka kwenye mizabibu mizee iliyopandwa kwenye mchanga, mifupi, minene kama mapaja, isiyofungwa kwenye waya. Tani ya zabibu za Lodi huuzwa kwa sehemu ndogo tu ya bei ya zile za Napa, bonde la California lenye sifa kubwa ya mvinyo, kwa sababu jina la Napa linalipiwa. Chupa zake hazina fahari yoyote. Lebo moja ilikuwa imekaa upande, imebandikwa kwa mkono. Fedha yangu ilikuwa imeingia kwenye mvinyo.

Nimewahi kuingia klabu nyingine pia, ambayo sitaitaja. Katoni ya kwanza ilikuwa ya bei ya kutupa, chupa 12. Ya pili ilikuja kwa bei kamili, na nilipozisoma lebo kwa makini sikuona jina la shamba wala la mtu, ila majina ya kupendeza ya kubuni juu ya mvinyo ulionunuliwa kwa jumla. Kujitoa kulinichukua simu tatu. Hiyo ilikuwa rahisi kwa maana zote mbili: bei chini, na kuingia kwepesi. Nafuu haikuwamo. Kabla ya kujiunga popote sasa huuliza nani amekamua zabibu hizi, ninaweza kuchagua chupa mwenyewe, na nikitaka kutoka natokaje.

Wala sisemi “rahisi” ni tusi. Ukitaka mvinyo wa kupikia nyama, nunua ule rahisi na uuite rahisi, au bei chee, au bei poa, maneno yapo. Na walio Dodoma, mji wenye zabibu zinazovunwa mara mbili kwa mwaka, wakinunua mlangoni kwa mtengenezaji wa jirani wanaijua nafuu hii kuliko mimi, hata kama hawajaiita klabu.

Shemeji anakuja Desemba. Chupa mbili za katoni ile nimemwekea. Nitamfungulia moja, na akisema tena “mvinyo rahisi”, nitamwambia taratibu: nafuu, shemeji. Kisha nitamwonyesha risiti.