Wilson: jina moja, koo nyingi

Wenye jina la Wilson wakikutana ugenini hupenda kuulizana kama ni ndugu. Sisi tunaoshughulika na nyaraka za nasaba huwajibu mapema: yaelekea si ndugu. Wilson ni "mwana wa Will", na Will ni kifupi cha William. Akina Will nao walikuwa wengi mno.

William ni jina lililoletwa Uingereza na Wanormani, watu wa Normandy kaskazini mwa Ufaransa, mwaka 1066, tena mtekaji mwenyewe ndiye aliyeitwa hivyo. Kumbukumbu za zama hizo zasimulia karamu ya Krismasi ya mwaka 1171 kule Normandy, ambapo wapiganaji walioitwa William walijitenga ili wale chakula peke yao. Wakapatikana zaidi ya 100! Kijiji chenye akina William watatu kilimpa karani wa kodi kazi, ikabidi aandike na baba wa kila mtu.

Mwanzoni ubini huo ulibadilika kila kizazi, kama "bin" yetu. Mtoto wa Will aliitwa mwana wa Will; mjukuu akafuata jina la baba yake mwenyewe. Kodi ya kichwa ya miaka ya 1377 hadi 1381, mashauri ya mahakama na urithi wa ardhi vilifanya familia nyingi zing'ang'anie jina moja. Kusini walipendelea kuongeza "s" tu, wakapata Williams. Kiambishi "-son" kilistawi kaskazini, Yorkshire na majirani zake hadi Scotland, nchi zilizowahi kukaliwa na Wadenmaki na Wanorwe. Huko majina ya ukoo yalichelewa kuganda, hivyo akina Wilson walizuka mahali pengi, kila mmoja na Will wake.

Utafiti wa vinasaba uliofanywa Chuo Kikuu cha Leicester unaafiki hili. Wanaume wenye jina adimu mara nyingi hukutwa na kromosomu Y (sehemu ya vinasaba ambayo baba humrithisha mwana wa kiume) ya asili moja; wenye jina lililoenea sana, kama Smith, hawakaribiani zaidi kuliko watu wowote waliookotwa njiani.

Kutoka Scotland na kaskazini mwa Uingereza, walowezi walilipeleka jina Ulster, kaskazini mwa Ireland, kuanzia karne ya 17, kisha Marekani. Babu yake Rais Woodrow Wilson alihama Strabane, mji wa Ulster, mwaka 1807. Sensa ya Marekani ya mwaka 2010 ilihesabu akina Wilson wapatao 800,000, na karibu robo yao ni Wamarekani Weusi. Baadhi ya waliokuwa watumwa walichukua majina ya mabwana zao, wengine walijichagulia, kwa hiyo usidhani jina linakuonyesha damu. Mwandishi wa tamthilia August Wilson alizaliwa Frederick August Kittel, akachukua jina la mama yake.

Afrika Mashariki jina hili limegeuka tena. Wamisionari walilileta kama jina la ubatizo, ndiyo maana mkimbiaji Wilson Kipketer, mzaliwa wa Kenya, analo mwanzoni. Na Tanzania, Wilson akipata binti akamwita Neema, shuleni ataandikwa Neema Wilson: ubini halisi, ule uliokufa Uingereza karne nyingi zilizopita. Anayejenga mti wa nasaba asimwingize Neema katika "ukoo wa Wilson". Watoto wa kaka yake watabeba jina la kaka huyo.