Kujaza akaunti kwa fedha za kukopa hakukupatii viza ya Uingereza

Ujumbe huu huzunguka kwenye magrupu kila msimu wa maombi: kopa fedha nyingi, ziweke benki siku chache, chukua taarifa ya akaunti, kisha zirudishe, viza ya Uingereza umeipata. Si kweli.

Kwa viza ya matembezi hakuna kiasi maalumu kilichopangwa. Afisa hutazama fedha zimetoka wapi, na kama zinalingana na kipato chako na gharama za safari. Mamilioni yakiingia ghafla kwenye akaunti ya mtu wa mshahara wa kawaida, yanazua maswali. Asipokuwa na vielelezo, hunyimwa.

Nadhani mkanganyiko unatokana na viza ya mwanafunzi. Huko kiwango kipo: ada ya masomo inayodaiwa pamoja na fedha za kujikimu, na kwa kawaida mwombaji huonyesha kwamba zimekaa kwenye akaunti siku 28 mfululizo bila kushuka hata siku moja. Siku ya mwisho kati ya hizo iwe ndani ya siku 31 kabla ya kuomba. Watu husikia "siku 28", wakalibebesha sharti hilo kila viza.

Anayewasilisha taarifa ya benki ya kughushi anaweza kukataliwa maombi yake kwa miaka 10. Adhabu hiyo humwangukia kijana aliyeamini, si aliyeandika ujumbe. Tafadhali, usiusambaze. Masharti husomwa bure kwenye tovuti ya serikali ambayo jina lake huishia na gov.uk, fungua ukurasa wa viza unayoomba wewe, maana hubadilika.