Meno na kazi za Uarabuni: tunayoambiana vs ukweli wenyewe

Hii ni ya kina dada mnaojiandaa kwenda Oman, Saudia, Qatar huko, na mlioko tayari, maana kwenye magrupu tunadanganyana sana kuhusu meno.

"Nimepita medikali, niko fiti." Vile vipimo vinatafuta TB, HIV, homa ya ini, mimba. Jino lililotoboka halimzuii mtu kupata viza, linasafiri na wewe tu. Kaliangalie na ulizibe kabla hujapanda ndege, kwa sababu mkataba mara nyingi ni miaka miwili, kuna nyumba ofu huipati, pasipoti kashika bosi, kwenda hospitali mpaka uombe na ukiomba unaitwa mvivu, ndo hapo mtu anaanza kuishi kwa Panadol.

"Panadol au mafuta ya karafuu yataliua jino." Yanatuliza maumivu tu, shimo liko palepale linachimba. Na Panadol za 500 mg mtu mzima asizidishe 8 kwa masaa 24, ini linaumia jamani. Kuna wanaosaga aspirini wanaibandika kwenye fizi, hiyo inaunguza nyama ya mdomo, achana nayo kabisa.

"Fizi zinatoa damu, nimeacha mswaki kwanza zipone." Kinyume chake. Damu mara nyingi inaletwa na ule utando wa bakteria uliojikusanya pale jino linapokutana na fizi, ukiacha kupiga mswaki unazidi. Tumia mswaki laini, taratibu, mara mbili kwa siku, dakika mbili hivi, ule wa usiku usiuruke hata kama umemaliza vyombo saa saba na chai ya maziwa yenye sukari ndo imekushikilia muda wote. Dawa ya meno iwe na floraidi (madini yanayokinga jino lisitoboke), 1000 mpaka 1500 ppm, kipimo chenyewe kimeandikwa kwenye boksi, ukimaliza tema povu, usisukutue na maji.

Mswaki wa mti unaouzwa kule madukani nao unasafisha vizuri ukijua kuutumia, ila magego ya ndani unayafikia kwa shida na floraidi ya kutosha hauna, so usiache dawa ya meno.

"Meno ya kahawia ni uchafu." Hii inaniudhi. Aliyekulia Arusha, Meru au sehemu nyingi za Bonde la Ufa kanywa maji yenye floraidi nyingi kupita kiasi utotoni, wakati meno yanatengenezwa, ile rangi imo ndani ya jino. Dada wa watu anasemwa na madamu, anajifungia bafuni kusugua na mkaa na majivu, rangi haitoki ila jino linalika na kuanza kuuma kwa maji ya baridi.

Sasa ukiona shavu limevimba, una homa, kumeza tabu au mdomo haufunguki, hiyo ni dharura, usingoje mshahara wala likizo. Mwambie bosi siku hiyohiyo, piga picha uso, tuma kwa ndugu na kwa wakala aliyekupeleka, akikaa kimya ndugu wapige ubalozi.