Usianze na jina la ukoo

Ujumbe ninaoupata mara nyingi zaidi ni huu: "Babu wa babu yangu alitoka Austria, akiitwa Huber. Nitafutie." Kwa Austria, Huber peke yake ni sawa na kuingia sokoni ukaita "Juma!" Watageuka wengi mno. Basi nami humrudishia mtu swali: parokia ipi?

Maana hadi 1938 aliyeandika kuzaliwa kwa Mkatoliki alikuwa paroko, si karani wa serikali. (Burgenland, jimbo la mashariki mwa Austria, ni habari nyingine: ilikuwa chini ya Hungaria hadi 1921, na huko serikali ilianza kusajili 1895.) Mwaka 1784 Kaisari Joseph wa Pili aliagiza vitabu vitatu, cha ubatizo, cha ndoa na cha vifo, vyenye safu zilizopangwa, mojawapo ikiwa ya namba ya nyumba. Safu hiyo ndiyo ninayoitegemea.

Jina lina vituko vyake. Mayr, Maier na Mayer waweza kuwa baba, mwana na mjukuu. Berger huandikwa Perger. Huberin si ukoo mpya, ni Huber mwanamke. Kule kwenye majimbo ya Steiermark na Salzburg, mwanamume akioa na kuhamia shambani kwa mkewe, majirani humwita kwa jina la shamba, na paroko huandika majina yote mawili, katikati akiweka "vulgo", yaani "kwa kawaida huitwa" kwa Kilatini.

Kwenye tovuti ya Matricula utaona picha za kurasa zenyewe za vitabu hivyo vya parokia bila malipo. Nyingi hazitafutiki kwa jina. Unapekua ukurasa mmoja mmoja, tena kwa Kurrent, mwandiko wa mkono wa zamani wa Kijerumani, ambao e na n zake ni mapacha. Tovuti nyingine, GenTeam, ina faharasa za majina, unajisajili tu. Na ukikuta "7ber", usikimbilie Julai kama nilivyofanya mimi nilipokuwa mgeni wa kazi hii. Ni Septemba: saba kwa Kilatini ni "septem".

Mwaka jana nilimsaka Gruber mmoja jioni tatu, kwenye ubatizo hayupo. Kitabu cha ndoa kikataja nyumba namba 14. Nikarudi kwenye ubatizo nikitazama safu ya nyumba tu. Kumbe yupo: mtoto wa nje ya ndoa, kwa jina la ukoo la mama yake. Pembeni, kwa wino mwingine, paroko ameongeza kwamba wazazi walifunga ndoa miaka minne baadaye.