Luteni Usu mbele ya mkuu wake: yasemwayo mtaani na yaliyo kweli

Kijana wa Unguja au Pemba akirudi kutoka Monduli, kwenye chuo cha maofisa wa jeshi, na nyota moja begani ya Luteni Usu, cheo cha kwanza cha afisa, kabla hajaripoti kikosini huwa ameshapewa mawaidha na mtaa mzima. Ami yake aliyewahi kuwa JKU (Jeshi la Kujenga Uchumi la Zanzibar) ana lake, rafiki mpenda filamu za Marekani ana lake, na mama anasisitiza asisahau shikamoo. Wote wanamtakia heri. Hata hivyo, baadhi ya mawaidha hayo yakifuatwa yanamharibia siku ya kwanza, nayo ni siku ambayo wakuu huikumbuka.

"Ukifika tu, nenda moja kwa moja kwa mkuu wa kikosi."

Siyo. Unaanza kwa afisa mnadhimu wa kikosi, yule anayeshika karatasi za maofisa na ratiba ya mkuu. Yeye ndiye atakayekwambia lini utaonana na mkuu, na kabla ya hapo atakupeleka kwa kamanda wa kombania, sehemu ya kikosi, uliyopangiwa. Kamanda huyo ndiye mkuu wako wa kila siku. Ukimruka ukaonekana kwanza kwa mkubwa wake, umemvunjia heshima bila kukusudia, na kazi yenu bado haijaanza. Wengine wanadhani siku hizi ujumbe wa WhatsApp kwa mkuu unatosha: "Afande, nimefika salama." Haitoshi, na namba yake ukipewa na jamaa ndiyo mbaya zaidi.

"Ukiingia, toa shikamoo, yule ni mkubwa wako."

Hapa vijana wetu hubabaika kweli, kwa sababu Zanzibar mtoto hufunzwa kumwamkia mkubwa kabla ya neno lolote jingine. Jeshini adabu hiyo ipo, ila inatolewa kwa namna yake. Unabisha, unasubiri uruhusiwe, unaingia, unasimama mguu sawa hatua chache mbele ya meza, unatoa heshima, kisha unajitaja: "Afande, Luteni Usu fulani, nimeripoti." Baada ya hapo unanyamaza. Huketi mpaka uambiwe keti. Mkuu akiwa mwanamke, naye ni afande vilevile. Usimwite mama wala bibi, hata akiwa na umri wa mama yako. Na Kapteni aliye mjomba wako wa Wete si mjomba mpaka mtoke kazini.

Kuhusu saluti yenyewe, filamu zimepotosha wengi. Katika jeshi la nchi kavu la Marekani, afisa anayeripoti kwa mkuu wake ofisini hupiga saluti hata akiwa kichwa wazi. Jeshi la Uingereza halina desturi hiyo: asiye na kofia husimama mguu sawa tu. Majeshi ya Afrika Mashariki yalianzia kwa Waingereza, tangu King's African Rifles iliyoundwa 1902, na JWTZ, Jeshi la Wananchi wa Tanzania, lenyewe lilizaliwa Septemba 1964 baada ya maasi ya Januari mwaka huohuo. Kwa hiyo usiige ulichokiona kwenye skrini. Fuata ulichofundishwa na walimu wa gwaride, na kama kikosi kina utaratibu wake, muulize mnadhimu kabla hujafika mlangoni kwa mkuu.

Jina nalo lina mambo yake. Kwetu hatuna majina ya ukoo kama ya Wazungu. Mtu ni Ali Juma Hamad, na Pemba kina Hamad, Khamis na Juma hawahesabiki. Mtaani unajulikana kwa jina la utani au la baba. Kikosini taja cheo kwanza, kisha majina yako kama yalivyoandikwa kwenye karatasi za kamisheni, zile zinazokufanya afisa, na uyatumie hayohayo kila mahali. Ukiwa Ali Juma kwa mnadhimu na Ali Hamad kwa mhasibu, utahangaika na mshahara wako mwenyewe.

"Umeshakuwa afisa, walio chini yako ndio wajitambulishe kwako."

Hii ndiyo dhana inayowaumiza vijana wengi, na ndiyo ninayoiogopa kuliko zote. Ni kweli kwamba afisa mteule mwenye mvi, askari mzoefu wa cheo cha juu asiye na kamisheni, atakupigia saluti wewe kijana uliyetoka chuo juzi. Saluti ile ni ya kamisheni uliyopewa na Amiri Jeshi Mkuu, Rais wa Jamhuri ya Muungano. Anaiheshimu nchi kupitia kwako. Basi irudishe vizuri, kwa utulivu. Usiinamishe kichwa kwa haya kwa kuwa ni sawa na baba yako, wala usiijibu kwa mkono mlegevu huku unatazama simu.

Lakini baada ya saluti, wewe ndiye wa kumwendea. Mwite kwa cheo chake, mwambie umekuja kuongoza platuni na unataka kuwajua watu wake. Muulize nani ana mgonjwa nyumbani, nani hodari wa kulenga shabaha, nani anahitaji kuangaliwa kwa karibu. Yeye amewahi kuwapokea maluteni usu wengi na kuwaona wakipandishwa cheo. Mkuu wa kikosi atamuuliza kuhusu wewe, na jibu lake litakuwa na uzito kuliko maneno yote uliyoyasema ofisini. Ijumaa mkikutana msikitini nyote mmevaa kanzu, mwamkie shikamoo kama unavyomwamkia mzee yeyote. Hakuna kanuni inayovunjika.

Wengine huenda na orodha ya sifa zao: shahada, kozi, nishani ya mwanafunzi bora. Mkuu ana faili lako. Anachotaka kusikia ni majibu mafupi na ya kweli: umetoka wapi, una familia, umepata pa kuishi, kuna jambo linalokusumbua. Kama una mzazi mgonjwa Chake Chake, sema siku hiyo. Ukilificha mpaka uombe ruhusa ya ghafla, utaonekana mtu wa visingizio. Na ukiwa na jamaa mwenye cheo kikubwa jeshini, Migombani hapa Unguja au Dar es Salaam, usimtaje. Anayeingia kwa simu ya mtu hutazamwa kwa shaka muda mrefu, hata akiwa mchapakazi.

Mtaani watu pia huchanganya JWTZ na vikosi vya SMZ, Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. KMKM (Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo), JKU na Mafunzo (magereza ya Zanzibar) vimo katika Katiba ya Zanzibar ya 1984 na viko chini ya serikali hiyo. JWTZ ni la Muungano. Mkuu wa KMKM si mkuu wako kikazi. Lakini ukikutana bandarini Malindi na afisa wao aliyekuzidi cheo, mpe heshima yake, na ukilazimika kuzungumza naye mambo ya kazi, jitaje cheo, jina na kikosi, kisha mjulishe kamanda wako mlichozungumza.