Je, wajua kwamba taa ya dagaa na paneli ya sola ni ndugu wa tumbo moja?

Usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo, simama ufukweni Igombe, hapa Mwanza, utazame Ziwa Victoria. Utadhani kuna mji mwingine umejengwa juu ya maji. Zile ni taa za wavuvi wa dagaa. Zamani zilikuwa karabai, na kazi yake ya kupampu mafuta ya taa. Siku hizi wengi wanashuka na taa za LED na betri iliyoshinda juani ikichajiwa na paneli. Mpwa wangu, yuko darasa la sita, aliishika taa moja imezimwa, akaigeuza geuza, akaniuliza: "Mjomba, humu kinachowaka ni nini? Sioni utambi wala waya."

Hakuna kinachowaka. Kilichomo ni kijipande cha fuwele, kidogo kuliko punje ya mchele, cha jamii ya vitu viitwavyo nusukipitishi. Mafundi wao husema semikondakta. Na ile paneli iliyoijaza betri yake imetengenezwa kwa vitu vya jamii hiyo hiyo. Huyu hupewa mwanga akatoa umeme, yule hupewa umeme akatoa mwanga.

Ili tuelewane, twende kwanza milimani mwa Mwanza, Mabatini au Igogo, kwenye nyumba zilizobanana katikati ya mawe. Chukulia kwamba elektroni, chembe ndogo sana zilizomo katika kila atomi, za kitu chochote kigumu zinaishi kwenye vichochoro vya bondeni, zimejaa pomoni, hakuna wa kusogea. Juu kuna barabara pana, tupu. Umeme ni elektroni zikipata pa kutembea, na pa kutembea ni kule juu. Suala zima ni jiwe lililosimama kati ya kichochoro na barabara: lina kimo gani?

Kwenye shaba jiwe halipo, kichochoro na barabara vimeungana. Ndiyo maana nyaya ni za shaba. Wanafizikia hupima kimo hicho kwa elektroni-volti, yaani nishati inayopata elektroni moja ikisukumwa na volti 1. Silikoni safi, ile inayotengenezea paneli, ina jiwe la 1.12. Sasa unganisha silikoni hiyo hiyo na oksijeni, upate kwatsi: jiwe linapanda hadi kama 9, na hakuna elektroni ya kulipanda kwa joto la kawaida. Hicho ni kihami, yaani kitu kisichopitisha umeme.

Hapo Mwanza inaingia yenyewe. Mawe yetu haya ya itale, yaani granaiti, hata yale yanayobebana pale Bismarck Rock, karibu theluthi moja ya uzito wake ni silikoni. Tumeikalia. Lakini imeshikwa na oksijeni, na kuzitenganisha kunataka tanuru lenye joto la nyuzi karibu 2,000 za Selsiasi, pamoja na kaboni ya kuivuta oksijeni itoke. Wenye viwanda hawahangaiki na itale. Huchagua kwatsi iliyo safi tangu ardhini, kisha silikoni yake huisafisha tena hadi kwenye atomi bilioni nzima abaki mgeni mmoja tu au pungufu.

Na baada ya jasho lote hilo, silikoni safi haina faida kubwa! Kwa joto la kawaida la chumbani, ni kama elektroni moja tu kwa kila atomi trilioni 5 inayofaulu kupanda juu ya jiwe. Ukiipasha moto zinapanda nyingi zaidi, umeme ukapita vizuri zaidi. Shaba hufanya kinyume: ikipata joto, inazidi kuupinga umeme. Mwanasayansi Mwingereza Michael Faraday aliiona tabia hii ya ajabu ya kupitisha umeme zaidi kwa joto mwaka 1833, katika salfaidi ya fedha (fedha iliyoungana na salfa), bila kuwa na namna ya kuieleza. Elektroni yenyewe ilikuwa bado haijagunduliwa.

Siri iko kwenye uchafu, ila uchafu wa kupimwa. Atomi ya silikoni ina elektroni 4 za nje, zote zimeshikana mikono na majirani. Tia fosforasi, ambayo ina 5: moja inabaki bila wa kumshika, inapanda barabarani bila taabu. Atomi moja ya fosforasi katika milioni ni kama kuokota punje nne au tano kwenye gunia la mchele la kilo 100, lakini elektroni za barabarani zinaongezeka zaidi ya mara milioni. Au tia boroni, yenye 3: sasa pana nafasi tupu, tundu. Jirani akihamia tunduni anaacha tundu alikotoka, na kwa namna hiyo tundu nalo linasafiri.

Bandika upande wenye fosforasi na upande wenye boroni. Mpakani panazuka msukumo wa kudumu wa umeme. Mwanga wa jua ukipiga hapo, unainyanyua elektroni juu ya jiwe, na msukumo ule unaisukuma upande mmoja kabla haijaanguka tena. Hiyo ndiyo paneli. Maabara ya Bell Labs ya Marekani ilionyesha ya kwanza ya silikoni iliyofaa kwa kazi mwaka 1954.

Taa ni mchezo ule ule kinyumenyume. Betri inazisukuma elektroni zikutane na matundu, zinaanguka kutoka juu ya jiwe, na nishati ya kuanguka inatoka kama mwanga. Kimo cha jiwe ndicho rangi: la karibu 2 hutoa nyekundu, la karibu 2.7 bluu. Silikoni haifai hapa, kwani elektroni zake zikianguka hutoa joto karibu tupu, hivyo hutumika misombo ya metali iitwayo galiamu. Bluu ndiyo iliyowatesa watu. Wanasayansi Akasaki, Amano na Nakamura, wote wazaliwa wa Japani, walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2014 kwa kuipata. Na nyeupe je? Tazama taa ya dagaa ikiwa imezimwa: utaona kidoa cha njano. Ni unga unaomeza sehemu ya bluu na kuigeuza njano, na jicho likichanganya hizo mbili linaona nyeupe.

Neno moja kwa wanaofunga paneli zikilala juu ya bati kabisa: acheni nafasi upepo upite chini. Kila nyuzi moja ya joto juu ya 25, paneli ya silikoni hupoteza karibu asilimia 0.4 ya nguvu yake, na saa sita mchana inaweza kufika nyuzi 60. Jua kali si lazima liwe umeme mwingi.

Mpwa wangu hakuridhika na maneno. Tukachomoa kataa kekundu ka LED kwenye toi lililokufa, tukakashika juani, miguu yake miwili kwenye mita ya fundi redio. Mita ikasoma zaidi ya volti 1. Akaziba jua kwa kiganja, ikashuka. Akafungua, ikapanda. Akaendelea hivyo hadi fundi akadai mita yake.